Kibaba Kimoja, Matumbo Arubaini

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi hata mtu akipiga chafya katika mji huu huombewa dua na sultani wa mji wa pili, palikuwa na mji ukiitwa Kitongani, na aliyeutawala aliitwa Sultani Mwinyikondo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeshiba tu, tena aliyeshiba tangu siku ya kuzaliwa kwake, na watu wa namna hiyo wana maradhi yao: kila zito la mwenzao kwao huwa jepesi, na kila swali wanalo jawabu lake kabla halijaulizwa.

Katika mji huo alikuwako fukara mmoja akiitwa Machano. Hakuwa na shamba wala mke wala kanzu ya pili. Kazi yake ilikuwa kumtafutia kuni Bi Mize, mjane aliyekuwa na banda la kupikia karibu na lango la soko, ambako wachukuzi wa mizigo walikuja kutafuta riziki ya tumbo. Na ujira wake ulikuwa ukoko, ule wali unaogandamana chini ya chungu ukakauka na kunukia. Machano aliupenda ukoko kuliko watu wengine wanavyopenda sifa. Watu wa mji walimwita punguani, kwa sababu kila neno alilichukua kama lilivyo. Ukimwuliza, "Habari za tangu jana?" alivuta kigoda, akaketi, akaanza kukusimulia tangu jana magharibi, na usipokimbia utayasikia yote.

Ikawa mwaka mmoja mvua zikaadimika. Mpunga ukanyauka mashambani, lakini mihogo na kunde, ambazo hazina makuu, zikastahimili. Mchele ukabaki katika ghala la Sultani peke yake, na bei yake ikapanda hata mtu akinunua kibaba kimoja, kile kipimo kidogo kabisa cha nafaka, hukificha chini ya nguo mithili ya mtu aliyeiba. Bi Mize akaacha kupika wali, na wali ulipokwisha, ukoko nao ukafa. Machano akawa anatafuna muhogo asubuhi na muhogo jioni, na katikati ya hapo anatafuna huzuni.

Basi siku moja Bi Mize akajifunga mtandio wake kiunoni, akawakusanya wanawake wa mtaa na wachukuzi, wakaenda barazani kwa Sultani. Machano akafuata nyuma, kwa kuwa hapakuwa na kuni za kutafuta kwa ajili ya vyungu visivyo na kitu. Wakamkuta Sultani ndiyo kwanza ananawa mikono, na harufu ya pilau ingali imekaa pale barazani kama mgeni wa heshima.

"Maulana," akanena Bi Mize, "tumekuja kukuomba ghala lifunguliwe, na mchele uuzwe kwa bei ya mwaka wa neema. Watu wako hawajala."

Sultani akamgeukia Waziri Shekue, mtu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kukubali. "Waziri, kwani mchele umekuwa ghali?"

"La hasha, maulana," akajibu Waziri. "Mchele si ghali. Watu ndio hawajui kupika."

Neno hilo likamwingia Sultani vizuri sana, na akalikalia kama mto laini. "Naam, hilo ndilo lenyewe," akasema. "Siku zote nimekuwa nikilitafuta neno hilo. Mpishi mwenye akili, akikipika kibaba kimoja cha mchele kwa uangalifu, asimwage, asiunguze, aweza kuwashibisha watu arubaini."

Wachukuzi wakatazamana. Bi Mize, ambaye hakupewa na Mungu kipaji cha kunyamaza, akasema, "Maulana, mimi nimekaa jikoni kabla wewe hujaota meno. Kibaba kimoja hushibisha watu wanne, na mmoja wao awe mgonjwa."

Sultani akakunja uso. "Kumbe ndiwe unayewafundisha watu ubadhirifu," akasema. "Waziri, lile banda lake la langoni livunjwe kesho, watu wapate kujifunza."

Machano alikuwa amesimama nyuma ya mchukuzi mmoja mnene, akiwa ameazimia kukaa kimya. Lakini aliposikia banda litavunjwa, kifua kikamwaka moto. Ndani ya banda lile ndimo alimolala, ndimo alimoota moto, na humo tu ndimo alimoitwa kwa jina lake badala ya kuitwa punguani. Akasikia sauti ikisema kwa nguvu, "Maulana amenena kweli, jambo hilo lawezekana," na alipotazama huku na huku kumtafuta aliyesema, akakuta ni yeye mwenyewe.

Bi Mize akamtupia jicho ambalo lingeweza kukaanga samaki. Sultani akafurahi. "Ewe mtu, wajua kupika?"

"La, maulana. Najua kula, na hata huko nimeachishwa."

"Basi sikiliza," akasema Sultani. "Alhamisi, watu arubaini wa baraza hili, nami mwenyewe nikiwa mmoja wao, tutafika katika banda la huyu mjane tangu asubuhi, tukae hapo hapo, isije ikasemwa kwamba tumekula majumbani kwetu. Utatupikia kibaba kimoja cha mchele. Mpaka alasiri usitupe chakula kingine chochote ila kibaba hicho. Kisha kila mmoja aseme kwa kinywa chake, mbele ya kadhi, ya kwamba ameshiba. Akibaki hata mmoja mwenye njaa, banda litavunjwa, na wewe na mjane wako mtahama Kitongani."

"Na wakishiba wote, maulana?"

"Wakishiba wote, ghala litafunguliwa kwa bei ya mwaka wa neema, na Waziri Shekue atawapimia watu kwa mkono wake." Sultani akaapa kwa ndevu zake. Kadhi wa mji, mzee aliyejulikana kwa kutosema uongo hata kwa wakwe zake, akasema ameyasikia na ameyashika.

Njiani kurudi, Bi Mize hakusema neno, na hilo lilimtisha Machano kuliko matusi. Walipofika bandani ndipo akafungua kinywa. "Haya, Machano mwanangu, tueleze. Watu arubaini utawashibisha kwa dua gani?"

"Sijui, Bi Mize."

"Hujui?"

"Mdomo wangu ulitangulia. Mimi niko nyuma yake, naufuata nione unakwenda wapi."

Bi Mize akaketi juu ya kigoda, akashika tama. Akatazama mafiga yake, vyungu vyake vyeusi, na upawa wake uliolika upande mmoja kwa miaka ya kukoroga, na machozi yakamlengalenga. Machano akatamani ardhi ipasuke immeze. Hakujua mwingine aliyempenda duniani ila mwanamke huyu anayemtukana kila asubuhi, na sasa amemtia katika balaa la kuhamishwa mji.

Wakati huo mchukuzi mmoja, jina lake Faki, alikuwa ameketi pembeni ya banda na sahani ya muhogo wa kuchemsha na kunde. Ilikuwa sahani kubwa, nayo ilijaa mpaka ikafanya kilima. Faki akakipanda kilima kile, akakiteremka upande wa pili, akafuta sahani kwa kidole, akanywa maji, akaegemea nguzo akishusha pumzi. Akapita rafiki yake na furushi kichwani, akamwuliza, "Ee Faki, umekula?"

"Sijala, ndugu yangu," akajibu Faki kwa masikitiko. "Tangu juzi sijala."

Machano akageuka polepole. "Faki, hicho ulichokuwa ukitafuna ni nini?"

"Muhogo."

"Na ulichotowelea?"

"Kunde."

"Na bado hujala?"

Faki akamhurumia, kama watu walivyozoea kumhurumia Machano. "Muhogo ni muhogo, ndugu yangu. Kula ni wali."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa Kitongani, kwa tajiri na kwa fukara. Mtu aweza kutafuna muhogo wa shamba zima, akanywa uji wa karai, akamaliza na boga, na ukimwuliza atakuapia kwamba hajatia kitu kinywani, maana wali haujapita. Hakuwa akisema uongo. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo mama yake alivyolelewa.

Machano akaanza kucheka. Kicheko kilianza puani, kikashuka kifuani, mara akawa yuko chini anagaagaa kwenye majivu. Bi Mize akamwinulia upawa, akidhani huzuni imemrukia kichwani. Machano akatambaa mpaka alipo, akamnong'oneza sikioni. Bi Mize akabaki na upawa juu, ameduwaa. Kisha naye akaangua kicheko mpaka mtandio ukamdondoka, na Faki akajisogeza mbali kidogo, akiona kwamba ugonjwa ule unaambukiza.

Basi wakapeleka habari kwa wanawake wa mtaa, na wanawake, waliokuwa na watoto wanaolia wali, wakafungua kila kapu na kila tundu. Huyu akaleta mihogo, yule viazi vitamu, mwingine majimbi yenye udongo bado, mwingine mashelisheli mawili makubwa, mwingine boga alilokuwa akilitunza chini ya kitanda kwa ajili ya harusi. Aliyekosa vyote akaleta mwiko na mikono yake. Bi Mize akashika usukani wa mambo. Kunde akazirowesha, akazitia magadi kidogo zilainike upesi zisile kuni. Mtama wa uji akautwanga yeye mwenyewe, hakumwamini mtu. Maganda ya boga hakuyatupa, aliyakata vipande akayatia katika mchuzi, na majani ya kunde akayafanya mboga. Kazi ya Bi Mize ilikuwa hiyo maisha yake yote, kukifanya kidogo kionekane kingi mpaka tumbo nalo lisadiki.

Siku ya Jumatano Waziri Shekue akatuma mtu akasikilize nyuma ya ukuta wa banda, ajue kuna hila gani. Mtu yule akarudi mbio, pumzi juu juu. "Waziri, wanachinja. Nimemsikia mjane akisema waletwe mbuzi wote watatu, na yule mwenye meno butu atafutiwe mwanamke mwenye nguvu amkalie."

Waziri akaona amewapata. Akachukua askari, akaingia bandani bila hodi. "Wako wapi mbuzi?" akauliza. "Amri ya Sultani ni kibaba cha mchele, si nyama."

Akakuta wanawake watatu wameketi wanakuna nazi, kila mmoja juu ya mbuzi yake, yaani kile kiti kidogo chenye ulimi wa chuma wenye meno. Bi Mize akamwinamia kwa adabu. "Mbuzi ndio hawa, Waziri. Ukitaka kuchinja, mchague umpendaye, lakini wanang'ata."

Askari wakatazama juu ili wasicheke. Waziri, kwa kuficha aibu yake, akajitia kukagua. Akafunua chungu cha kwanza, akaona kunde. Akafunua cha pili, akaona mihogo. Akafunua cha tatu, akaona maganda ya boga, akakunja pua. "Nilidhani humu mna chakula," akasema kwa dharau, na akatoka. Machano akamwomba kadhi, aliyekuwa akipita njia wakati huo huo, alishike neno hilo, na kadhi akasema amelisikia.

Alhamisi ikafika. Majamvi yakatandikwa kivulini mwa banda, na watu arubaini wa baraza wakaja na joho zao na majambia yao, wakaketi. Sultani akaketi juu ya zulia lake. Kibaba cha mchele kikaletwa, kikapimwa mbele ya kadhi, kikafutwa juu kwa kijiti isizidi hata punje, na Machano akakabidhiwa.

"Maulana," akasema Machano, "mchele huu wataka kuchambuliwa, kuoshwa na kupikwa kwa uangalifu, kama ulivyotufundisha. Nitakawia kidogo. Msikae bure, kunyweni uji."

Ukaletwa uji wa mtama, moto, mzito, umetiwa sukari guru na tui la nazi, katika vikombe vya udongo. Asubuhi ilikuwa na baridi, na watu wale hawakuwa wametia kitu kinywani. Wakanywa. Sultani akanywa kikombe, akauliza kama kuna kingine, akanywa na hicho. Waziri akanywa kwa kushuku, lakini akanywa.

Machano akatoka jikoni anapepesa macho kwa moshi. "Maulana, mmekula?"

"Tule nini?" akajibu Sultani. "Chakula chenyewe hujakileta."

"Kweli, maulana," akasema Machano, akamtazama kadhi, akarudi jikoni.

Baadaye yakaja masinia ya muhogo uliochemshwa mpaka ukapasuka, mweupe, na juu yake kunde zilizoungwa kwa nazi na pilipili. Waziri Shekue akatabasamu tabasamu la mtu aliyemkamata mwizi. "Je, hiki ndicho chakula chako?" akauliza.

"La, Waziri. Mimi nimekatazwa kuwapa chakula. Huu ni muhogo."

"Najua ni muhogo. Sina haja ya kufundishwa muhogo," akasema Waziri, na kwa kuudhika akamega kipande kikubwa. Wengine wakaona Waziri ameanza, nao wakaanza. Kwanza walimega kwa ncha za vidole, kama watu wanaowatendea wenyeji hisani. Kisha kiganja kikaingia. Kadhi, ambaye nyumbani kwake alipikiwa vyakula laini kwa sababu ya umri, alikula kunde kwa furaha ya mtu aliyekutana na mchumba wa ujanani, na punje mbili zikamkaa ndevuni.

"Mmekula, maulana?" akauliza Machano.

"Bado, Machano, fanya hima," akasema Sultani, mdomo umejaa.

Huko jikoni Bi Mize alikuwa ameuma mtandio asicheke kwa sauti. Faki na wachukuzi wenziwe wakapokezana masinia. Yakaja majimbi yaliyotiwa chumvi na ndimu. Yakaja mashelisheli ya kuchoma, ngozi nyeusi na ndani kama mkate. Vikaja viazi vitamu, likaja boga la harusi limepikwa kwa tui zito, na mwenye boga alichungulia mlangoni akahesabu kila tonge kwa uchungu wa mama. Ikawa kila sinia likitoka, watu wa baraza wanalegeza mishipi yao tundu moja, na wale wenye majambia wakayachomoa viunoni wakayaweka kando, maana yalikuwa yanawachoma ubavuni.

Jua likasimama kati. Sultani akaegemea mto, akapangusa jasho. "Machano," akaita, na sauti yake ilikuwa nzito, "mbona hivi? Tangu asubuhi watu wazima tumekaa hapa na hatujala kitu. Wataka kutuua kwa njaa?"

"Kadhi amesikia, maulana?" akauliza Machano.

"Amesikia. Sisi sote hatujala. Lete chakula."

Hapo Machano akatoka na sinia moja, limefunikwa kwa kawa jekundu. Akaliweka kati, akalifunua, na wali ukaonekana, punje imeachana na punje, mweupe, umejikusanya katikati ya sinia kubwa kama kuku aliyelalia mayai. Mvuke ukapanda. Siku nyingine wangeurukia, lakini siku hiyo watu arubaini waliutazama wali ule kwa macho ya wagonjwa.

"Bismillahi," akasema Machano. "Karibuni, kuleni mshibe."

Mmoja wao, mwenye hazina wa Sultani, akanyosha mkono, akachukua punje chache, akazitia kinywani, akatafuna kwa muda mrefu. "Nimeshiba," akasema, na akashangaa mwenyewe. Aliyemfuata akaonja, akasema ameshiba. Wa tatu hakuweza hata kuinama, akaomba alishwe na mwenzake, akameza, akasema ameshiba. Neno likaenda likizunguka jamvi, nimeshiba, nimeshiba, mpaka likafika kwa kadhi, naye akasema ameshiba na Mungu ni shahidi wake. Sultani akafanya tonge, akalipeleka mpaka mdomoni, akalitazama, akalirudisha taratibu. Akamega kipande chake kidogo tu, akakimeza kama dawa. "Nasi," akasema kwa sauti ya mtu anayeota, "tumeshiba."

Akabaki Waziri Shekue. Na Waziri, ambaye hakuwa mjinga, alikuwa amekwisha kutambua mtego, na akaona kwamba njia moja tu imebaki: yeye asishibe. Sinia lilikuwa bado na wali mwingi, kwa kuwa wengine wote waliuonja tu. Akajivuta karibu, akakunja mkono wa joho.

"Mimi bado nina njaa," akasema, na akala.

Wachukuzi wakasogea mlangoni. Bi Mize akatoka jikoni, akasimama na upawa wake mkononi, na safari hii hakucheka. Wali ukiisha na Waziri hajashiba, banda lao limekwenda. Waziri akatia tonge, akameza. Akatia jingine, akalisukuma kwa maji. Jasho likamtoka katika kilemba. Macho yakamtoka. Kilima cha wali kikapungua, kikawa kichuguu, kikabaki matonge matatu. Machano akajikuta anashika nguzo ya banda, na kila tonge la Waziri akalimeza naye.

"Waziri, umeshiba?" akauliza kadhi.

Waziri akatikisa kichwa, maana kinywa kilijaa. Likabaki tonge moja. Akaliinua, akalitia kinywani, akalimeza, akajinyosha kwa ushindi, akafungua kinywa aseme "bado". Lakini kilichotoka si neno. Ilitoka mbweu ndefu, nzito, yenye kunde ndani yake, iliyosikika mpaka mwisho wa soko, na kwa kuwa Waziri alilelewa vizuri na mama mcha Mungu, kabla akili yake haijaamka ulimi wake ulikwisha fuatisha: "Alhamdulillahi."

"Ameshukuru," akasema kadhi. "Na mtu hashukuru kwa mbweu ya njaa. Ameshiba huyu."

Wachukuzi wakapiga vigelegele kama wanawake, na wanawake wakapiga vikali zaidi. Lakini Sultani akainuka, ingawa ilimbidi ashikwe mikono miwili. "Ngoja," akasema. "Machano, umetuhadaa. Tangu asubuhi umetulisha."

Machano akapiga magoti. "Nimewalisha nini, maulana?"

"Uji."

"Uji hunywewa."

"Na muhogo, na majimbi, na boga."

"Maulana, kila mara nalitoka nikakuuliza kama mmekula, nawe ukanijibu hamjala. Na jana Waziri alifunua vyungu vyetu akatafuta chakula asikione. Basi kama vile vilikuwa chakula, watu arubaini wa baraza, pamoja na kadhi, wamesema uongo kutwa nzima, nami mnyonge sithubutu kuliamini jambo hilo. Na kama havikuwa chakula, basi leo hamkula ila kibaba kimoja, na wote mmeshiba, kama ulivyosema mwenyewe kwamba yawezekana."

Watu wote wakamtazama kadhi. Mzee akafikiri, akachomoa punje ya kunde ndevuni, akaitazama kama anayeiuliza ushahidi. "Maulana," akasema, "mimi nimesema sijala. Mimi sisemi uongo, kwa hiyo sijala. Na nimeshiba, wala siwezi kusimama."

Sultani akamwangalia kadhi, akamwangalia Waziri aliyelala chali anapepewa, na kitu kikamkamata mbavu. Akacheka. Akacheka mpaka akashika tumbo, na tumbo likamuuma kwa kujaa, na maumivu yakamzidishia kicheko, ikawa anamsihi Machano asimtazame. Baraza zima likacheka naye, wakiguna na kuomboleza kwa jinsi walivyoshiba.

Hata alipopata pumzi, akamwita Bi Mize. "Ewe mwanamke, wallahi vitu vyako ni vitamu. Zile kunde, lile boga. Kumbe watu wangu ndivyo wanavyokaa, kisha wakaja kunililia."

Machano aliona hila yake yote inamgeukia mwenyewe, kwamba Sultani atakwenda zake ameshiba, akiamini mji wake nao umeshiba.

Lakini Bi Mize akasogea, akasema bila kupandisha sauti, "Maulana, leo tumetia nazi."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine hatutii. Wala sukari hatutii. Hivi mlivyomaliza ni vya mtaa mzima, maulana. Wanawake hawa wamekung'uta makapu yao kwa ajili yenu, na jioni hii sijui watawatilia nini watoto wao."

Kicheko kikakatika. Sultani akageuza macho, na kwa mara ya kwanza akawaona wanawake waliosimama jikoni, mikono myeupe kwa nazi, na watoto waliokuwa wameshika nguo za mama zao wakiyatazama masinia matupu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akilia, na jambo hilo ndilo lililomchoma. Uso ukamwiva kwa haya. Akapeleka mkono kiunoni, akafungua ufunguo wa ghala aliokuwa hampi mtu, akampa Bi Mize mkononi, asiseme kitu, kwa kuwa siku hiyo hakuwa na jawabu.

Machano akaketi kwenye rundo la kuni akalia waziwazi, na Bi Mize akamtukana matusi matamu kuliko yote aliyopata kumtukana.

Ghala likafunguliwa alasiri ile ile, kwa bei ya mwaka wa neema, na watoto wa mtaa ule wakapewa wao kwanza, bila kulipa. Na kwa kuwa Sultani alikuwa ameapa kwa ndevu zake, Waziri Shekue ndiye aliyepima, kwa mkono wake, na kibaba chake, na tumbo lake. Kwa kila mtu aliyefika ilimlazimu Waziri kuinama achote, kila akiinama, mbweu, na kila mbweu, "Alhamdulillahi." Na watu wa Kitongani, kwa adabu zao, waliitikia kwa pamoja mpaka magharibi.

Nimeipakua hekaya yote, sikubakisha kitu chunguni; aliyepata kidogo na amwombe jirani yake.